Nyumba na Akiba Yake

Kila nyumba, ewe msomaji, ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule tuupitao sisi watu, nao hufungwa kwa komeo usiku uingiapo. Mlango wa pili hauonekani kwa macho; ndio upitao maji, kuni, chakula na taka. Huo haufungwi usiku wala mchana, na wengi wetu hatuna habari ya kilichoingia kwa mlango huo leo, wala hatujui kilichotoka kimekwenda wapi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani, lakini mahali pake pa kwanza ni nyumbani. Katika insha hii tutatazama jinsi watu wa mwambao wa Kenya walivyoangalia maji, moto na mabaki ya nyumba zao kwa mwaka mzima, kisha tutapima ni lipi katika hayo litufaalo leo. Sikusudii kusifu mambo ya kale kwa sababu ni ya kale. Katika mambo hayo mlikuwa na busara, na mlikuwa na dhuluma pia. Mwanafunzi wa historia yampasa aone yote mawili.

Tuanze na mwaka wenyewe. Watu wa mwambao walikuwa na kalenda mbili. Ya kwanza ni ile ya Kiislamu ifuatayo mwezi, yenye siku 354 au 355, nayo iliongoza sala, saumu na sikukuu. Lakini miezi ya kalenda hii haitulii katika majira: mwezi ulioangukia mvua mwaka huu, baada ya miaka kadha utaangukia jua kali. Mkulima na baharia hawakuweza kuitegemea kwa kazi zao. Kwa hiyo walikuwa na kalenda ya pili, iliyofuata jua, yenye siku 365, iliyoanza siku ya Nairuzi. Siku zake zilihesabiwa kwa miongo, yaani makumi. Makumi 36 yakiisha, zilibaki siku 5 za kufunga mwaka. Mtu aliyejua mwongo alijua wakati wa kulima, wakati wa kuezeka na wakati wa kusafiri.

Ndani ya mwaka huo majira yalijulikana kwa pepo na mvua zake. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, ikaleta joto na ukavu, na zamani ikaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Masika hufuata, na mvua kubwa ya Aprili na Mei. Kusi huvuma katika miezi ya baridi, na mwishoni mwa mwaka, karibu na Oktoba na Novemba, huja mvua ndogo za vuli. Nyumba ya kale ilijengwa na kuendeshwa kwa kufuata majira haya. Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza: matumizi mema hayaanzi kwa kujinyima, huanza kwa kujua wakati.

Sasa twende Lamu, katika mtaa wa Mkomani, zilipo nyumba nyingi za mawe zilizojengwa katika karne ya 18. Mji huu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta za nyumba zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Ni nene, kwa hiyo joto la mchana hukawia kupenya ndani. Vichochoro ni vyembamba, na nyumba ya huku hutia kivuli nyumba ya kule. Mgeni hukaribishwa kwanza katika daka la mlangoni, na katikati ya nyumba upo ua ulio wazi, uitwao kiwanda, uingizao mwanga na hewa. Wenye nyumba hizi hawakuwa na umeme, nao walikaa penye ubaridi katika miezi ya kaskazi. Ujenzi wao ndio uliokuwa kipepeo chao.

Tena tazama juu, kwenye dari. Dari hushikwa na boriti, nazo ni miti ya mikoko iliyokatwa katika hori za bahari. Boriti njema haiwi ndefu kupita kiasi, na kwa sababu hiyo vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, kila kimoja hakifiki meta 3 kwa upana. Mjenzi hakuulamu mti kwa ufupi wake. Aliukata upana wa chumba kwa kipimo cha mti. Wakataji nao walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Fito haikutumika penye kazi ya boriti, wala boriti haikuharibiwa penye kazi ya fito. Kuwa na majina mengi kwa mti mmoja ni dalili ya watu waliojua thamani ya kila kipande chake.

Tuje kwenye maji. Katika nyumba ya kale ya Lamu, karibu na mahali pa kuogea, lilijengwa birika la mawe na chokaa. Mtu alichota kwa kata, na kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Katika birika walitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa lilijengewa bakuli la kauri, ili maji yapunguapo samaki wapate mahali pa kukaa. Fikiri, msomaji, jinsi kitu hiki kidogo kilivyokamilika: maji yalihifadhiwa, mbu wakapunguzwa, wala hapakuhitajiwa dawa. Na kwa kuwa kata huchota kidogo, mwogaji alijua ametumia kata ngapi. Anayeoga kwa bomba lililoachwa wazi hawezi kuhesabu, na kisichohesabiwa hakionewi uchungu.

Maji hayo yalitoka visimani, na visima vya Lamu vina siri yao. Kusini ya mji, upande wa Shela, pana vilima vya mchanga. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa chini yake juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Yakichotwa kwa kiasi, mvua hurudisha kilichochotwa. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda na kisima huharibika. Vivyo hivyo, mchanga ukichukuliwa au vilima vikifunikwa kwa majengo, mvua haipati njia ya kushuka. Mtu apitaye juu ya vilima vile huona mchanga mtupu. Kumbe anakanyaga ghala la maji ya mji mzima.

Kwamba jambo hili si la mchezo, tunafundishwa na mji wa Gedi, uliopo karibu na Watamu, kusini ya Malindi. Mji huu ulistawi sana katika karne ya 15. Ulikuwa na jumba la mtawala, msikiti mkuu, nyumba za mawe, vyoo vilivyojengwa kwa ustadi, na vyombo vya kauri kutoka China. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuhamwa, na msitu ukaota vyumbani. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 magofu yake yakawekwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Je, watu wa Gedi walihama kwa nini? Wataalamu hutaja sababu kadha: vita vilivyoupiga mwambao mwishoni mwa karne ya 16, kuja kwa Wareno kulikobadili njia za biashara, na mashambulizi kutoka bara. Lakini pamoja na hizo hutaja jambo jingine lisilo na kishindo, nalo ni kushuka kwa maji ardhini. Ushahidi wake ni kisima kilicho karibu na msikiti mkuu, ambacho kilibidi kuchimbwa tena kwenda chini zaidi. Vita hutangazwa kwa kelele, na kila mtu hukimbia. Maji hushuka kimya kimya, na mteka maji huongeza urefu wa kamba yake tu, mwaka huu pima moja, mwaka ujao pima nyingine. Sisemi kwamba kisima peke yake ndicho kilichoua mji ule. Nasema kwamba kauri za China hazikuweza kunywewa zikiwa tupu.

Baada ya maji natuangalie mabaki. Hapana mti uliotunza nyumba ya pwani kama mnazi, na hapana mti ulioonyesha vizuri zaidi kwamba taka ni jina la kitu ambacho hakijapata kazi. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa katika kifumbu, na tui likaenda chunguni. Chicha iliyosalia walipewa kuku. Kifuu kiligeuzwa kata au upawa, na kilichovunjika kiliwashwa jikoni. Makumbi yalifukiwa katika matope ya pwani hata yakalainika, yakapondwa, na nyuzi zake zikasokotwa kamba. Majani yalisukwa makuti ya kuezekea na mapakacha ya kubebea, na vijiti vyake vikafungwa ufagio. Jioni ilipofika, kilichosalia cha kutupa kilikuwa kidogo mno.

Wala usidhani kwamba akili hii ilikuwa ya pwani pekee. Huko Ukambani wanawake walisuka viondo kwa nyuzi za mbuyu, na kiondo kimoja kilikwenda sokoni na kurudi miaka mingi. Katika sehemu nyingi za bara, maharagwe ya kuweka yalichanganywa na majivu ya jikoni ili wadudu wasiyaharibu, na ghala la nafaka liliinuliwa juu ya nguzo ili unyevu wa masika usilifikie. Kisha ukaja wakati wa mifuko ya plastiki, ambayo hutumika kwa dakika chache na hubaki duniani kwa miaka isiyohesabika. Iliziba mitaro, ikaliwa na mifugo, ikaelea baharini. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wanunuzi wakarudi kwenye vikapu na mifuko ya kudumu. Sheria hiyo ilionekana kuwa mpya, lakini bibi zetu wangeiona kuwa ni desturi yao iliyopotea njiani ikarudi.

Sasa yafaa nitimize ahadi yangu ya kutoficha upande wa pili. Wazee wa mwambao hawakuwa malaika. Boriti walizozipangia majina waliziuza pia kwa shehena za majahazi, zikaenda kujenga nyumba za Uarabuni na za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Biashara hiyo ilipozidi kiasi, mikoko iliumia, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ilikataza kuisafirisha nje. Chokaa nayo, iliyozifanya kuta kuwa nyeupe na imara, ilichomwa kwa kuni nyingi. Basi nyumba yaweza kuwa na busara ndani, na huku inakula msitu ulio nje.

Lipo jambo kubwa kuliko hilo. Nyumba za mawe zilikuwa za matajiri, na katika nyingi ya hizo waliofanya kazi za shida walikuwa watumwa. Ubaridi wa chumba na birika lililojaa vilikuwa raha ya bwana. Uzito wa mtungi ulikuwa juu ya kichwa cha mtu ambaye hakuulizwa kama amechoka. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Kwa nini nataja habari hii katika insha ya kutunza nyumba? Kwa sababu ni rahisi mno kusifu akiba iliyowekwa kwa jasho la mwingine. Hata leo, katika nyumba nyingi, mama na binti ndio waendao mtoni na ndio wabebao kuni. Mvulana asemaye kwamba nyumba yao haipotezi maji, na hajapata kuyateka hata siku moja, anajisifia kazi ya dada yake. Akiba ya nyumba si ya haki mpaka mzigo wake ugawanywe.

Habari ya kuni inatuleta kwenye moto. Moto wa mafiga matatu una fadhila zake: hupika, huangaza, huota watu. Lakini sehemu kubwa ya joto lake huenda ubavuni bila kugusa chungu, na moshi wake huumiza macho na kifua cha mpishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilibuniwa nchini Kenya jiko la makaa la bati lenye kiuno chembamba, lililofunikwa ndani kwa udongo wa kufinyanga uliochomwa. Wazo lake la kwanza lilitoka Thailand, lakini mafundi wa jua kali wa hapa walilifanyia mabadiliko mpaka likawa letu. Udongo ule hushika joto na kulielekeza juu. Kwa njia hiyo jiko huokoa karibu theluthi ya makaa, na likitunzwa vizuri huokoa zaidi. Kitu hiki hakikuhitaji kiwanda kikubwa. Kilihitaji mtu aliyejiuliza joto linapotea wapi. Swali hilo hata wewe waweza kuuliza jikoni kwenu. Sufuria iliyofunikwa huchemka upesi kuliko iliyo wazi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hutaka moto mchache asubuhi. Kuni zilizokauka hutoa moshi mdogo na joto kubwa kuliko kuni mbichi.

Mpaka hapa tumetazama nyuma. Natutazame mbele, tukifuata mwaka kama walivyoufuata wazee.

Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, ndio wakati wa kujiandaa. Panda ngazi, safisha mifereji ya paa, ziba matundu ya tangi, kausha kuni na uziweke mahali pasipovuja. Usingoje wingu likusanyike ndipo utafute nyundo. Maji ya kufulia nguo na kuoshea vyombo yamwagie mgomba au miche uani; mti hauchagui maji kama sisi tuchaguavyo.

Masika yakifika, kinga mvua. Fanya hesabu hii uone. Paa lenye eneo la meta 50 za mraba, likipata mvua ya milimeta 10 tu, huteremsha maji yapatayo lita 500. Hata baadhi yakipotea, yaliyosalia ni mitungi mingi ambayo hakuna kichwa kilichoibeba. Funika chombo chako ili mbu wasizaliane humo, kwa kuwa hatuna tena samaki wa birika. Huo ndio wakati pia wa kupanda miti, maana mche utakaopandwa sasa utanyweshwa na mbingu.

Kusi na baridi yake ikija, ni wakati wa kukausha na kuweka. Nafaka iliyowekwa ikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu wa namna nyingine ni sumu; kwa hiyo uanike vizuri na kuinua magunia yasiguse sakafu. Katika miezi hii shona nguo zilizochanika, rekebisha viti, noa majembe. Kitu kilichotengenezwa ni kitu ambacho hakikununuliwa.

Vuli ikikaribia, fungua shimo la mboji. Maganda ya viazi na ndizi, majani na samadi uliyoyarundika tangu masika sasa yamekuwa udongo mweusi. Yatie katika kishamba cha sukuma wiki au mchicha kilicho nyuma ya nyumba, na mvua ndogo itafanya kazi iliyobaki. Kwa njia hiyo takataka za Aprili huliwa Desemba, na hapana mtu atakayezikumbuka kwa jina lake la zamani.

Huenda ukasema: mimi ni mwanafunzi, sina nyumba, wala sina amri katika nyumba ya wazazi wangu. Hilo ni kweli, lakini daftari unalo. Chagua juma moja. Andika madumu ya maji yaliyoingia, mifuko au debe za makaa zilizokwisha, na kilichotupwa jalalani. Ukiona bomba linadondoka, weka kikombe chini yake kwa saa moja, pima, kisha uzidishe kwa 24. Waonyeshe wazazi wako hesabu hiyo kwa adabu, bila kuwashitaki. Mzazi huchoshwa na mawaidha ya mtoto, lakini hesabu iliyo wazi atakaa aisome, hasa ikiwa inaonyesha shilingi.

Watu husema kwamba matumizi ya kiasi ni mambo ya maskini, na kwamba mtu akipata mali huachana nayo. Historia haikubali neno hilo. Birika, kata na bakuli la kauri vilikuwa katika nyumba za matajiri wa Lamu. Hawakupima maji kwa kukosa fedha. Walipima kwa sababu walijua kisima hakijui tajiri. Gedi nayo ilikuwa tajiri, na leo nyani hukaa juu ya kuta zake.

Akiba haiozi, walisema wazee. Kwa hiyo, ewe kijana, uangalie mlango ule wa pili wa nyumba yenu, ujue kiingiacho na kitokacho, na ushike upande wako wa mzigo. Nyumba ambayo kila mmoja ndani yake anajua maji yametoka wapi na nani ameyabeba, itapita kaskazi na kusi, na watakaoizaliwa watakikuta kisima kina maji.